Watu wa Pwani Katika Milima ya Theluji

Mtu asimamaye gatini katika bandari ya Mocímboa da Praia, kaskazini ya pwani ya Cabo Delgado, hauoni mlima wo wote. Mbele yake ipo bahari. Nyuma yake ipo nchi ya minazi na mikorosho iliyolala sawasawa kama mkeka. Akitaka kuiona ardhi imeinuka hana budi kushika njia ya magharibi, mwendo wa kilomita mia hivi, hata afike chini ya uwanda wa Mueda, ulio zaidi ya meta 800 juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa bandari hii, awe Mmwani, Mmakonde au Mmakua, huzoea kukwea mnazi na mlingoti tangu udogoni. Kupanda mlima ni jambo atakalolikuta ukubwani, kama atalikuta. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani ya kuwa habari ya milima mirefu si habari yetu sisi watu wa pwani: ni ya wenyeji wa bara, au ni ya Wazungu waliokuja na kamba na viatu vya misumari.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Katika safari zilizoifanya milima ya theluji ya Afrika ya Mashariki ijulikane vitabuni, watu wa pwani walikuwamo tangu siku ya kwanza. Walikuwa watu wazima ambao hawakupata kuona theluji maishani mwao. Hawakusomeshwa upandaji na mtu ye yote. Walijifunza papo hapo, mizigo ikiwa vichwani mwao, na baadhi yao hawakurudi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini hawa walikunjwa wakiwa wakavu, nao hawakuvunjika wote. Yafaa sisi walimu tuwatazame upya, kwa kuwa vitabu tunavyosomeshea huwataja kwa neno moja tu: wapagazi.

Neno lililokosekana

Na tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Mwezi wa Aprili, 1848, mmishonari Johannes Rebmann alitoka pwani ya Mombasa kwenda nchi ya Wachaga. Kiongozi wa safari yake alikuwa mtu wa pwani, mzoefu wa njia za bara, jina lake Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei waliuona mlima, na juu yake palikuwa na kitu cheupe. Rebmann alimwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini. Bwana Kheri hakuwa na jina lake. Akajibu kuwa ni baridi.

Watu wa Ulaya waliosoma habari hiyo walimhesabu Bwana Kheri kuwa mjinga. Sisi twaona kinyume chake. Mtu asiyekijua kitu alikieleza kwa tabia yake iliyo kubwa kuliko zote, wala hakubuni uongo. Isitoshe, kabla ya safari alikwisha kumwonya Rebmann kwamba mlimani kuna majini, na kwamba huko bunduki na miguu hukataa kazi. Tukiyaondoa majini katika maneno hayo, hubaki maelezo ya kweli kabisa ya mambo yampatayo mtu penye baridi kali: viungo hufa ganzi, na baruti iliyoshika unyevu haiwaki. Wakati huo huo mtaalamu wa jiografia wa Uingereza, William Desborough Cooley, aliyekuwa London na asiyepata kukanyaga Afrika, alishikilia kwa miaka mingi kuwa theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Kati ya wawili hao, aliyekuwa karibu zaidi na ukweli ni yule wa pwani.

Wachaga wenyewe walikuwa na ujuzi mkubwa kuliko wote. Walijua ya kuwa kitu kile cheupe kikitiwa motoni hugeuka maji, na walikiita Kibo, jina ambalo leo ni la kilele kizima. Tena walikuwa na kisa cha Mangi Rungua wa Machame, aliyetuma kundi la watu kupanda mlima wachunguze kama weupe ule ni fedha. Katika kundi hilo alirudi mtu mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Basi jaribio la kupanda Kilimanjaro lilikwisha kufanywa, na gharama yake ilikwisha kulipwa, kabla Mzungu ye yote hajafika.

Kiswahili chetu nacho kina maneno mawili ya mambo haya, na yote mawili yalipita baharini. Theluji ni Kiarabu. Barafu ni Kiajemi, na huko Uajemi maana yake ndiyo theluji yenyewe. Kwa hiyo lugha ilikuwa na majina ya kitu ambacho wasemaji wake hawakukiona. Ilibaki miguu ifike mahali ulimi ulikokwisha kufika.

Tofiki, 1871

Baron Carl Claus von der Decken alipanda hadi zaidi ya meta 4,000 mwaka 1862, akathibitisha kuwa Rebmann alisema kweli, lakini theluji hakuifikia. Aliyeifikia ni Charles New, mmishonari wa Kiingereza wa Ribe, karibu na Mombasa, mwezi wa Agosti, 1871. Pamoja naye alikuwapo mtumishi wake Tofiki.

Jaribio lao la kwanza lilishindikana. Katika la pili, wenzao waliachwa nyuma kwa baridi na uchovu, mmoja baada ya mwingine, hata akabaki Tofiki peke yake pamoja na New. Walipokuwa karibu kufika penye theluji, Tofiki naye aliishiwa na nguvu. Kadiri ya masimulizi ya New, hakumwomba bwana wake warudi. Alimhimiza aendelee, akasema hapendi kumwona ameshindwa. Yeye atakaa pale pale amngoje, na kama harudi, basi atafia hapo. New alisonga mbele akaigusa theluji, akamrudia Tofiki na vipande vyake, wakashuka pamoja.

Twaomba wasomaji wasimame kidogo hapa. Leo tunajua kwa nini Tofiki aliishiwa na nguvu. Kadiri mtu apandavyo ndivyo mgandamizo wa hewa upunguavyo. Ufikapo meta 5,500 umebaki nusu tu ya ule wa pwani, na kila pumzi huingiza nusu ya oksijeni. Mwili hupata kuzoea, lakini huhitaji siku kadhaa. Ndiyo maana waongozaji wa siku hizi humwambia kila mgeni neno letu wenyewe, pole pole, na hushauri kwamba mtu akishapita meta 3,000 asilale kila usiku zaidi ya meta 500 hivi juu ya alipolala jana. Tofiki hakuambiwa lo lote katika hayo, wala bwana wake hakuyajua. Aliyoyapata hayakuwa udhaifu wa mtu wa pwani. Yangempata hata pandikizi la mtu.

Tufanye na hesabu ndogo inayofaa darasani. Hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi katika kila meta 1,000 za kupanda. Kama joto la Mocímboa da Praia ni nyuzi 27, basi juu ya Kibo, meta 5,895, patarajiwe nyuzi 11 hivi chini ya kuganda, bila kuhesabu upepo. Tofauti yake ni nyuzi 38. Mtu aliyevaa shuka na asiye na viatu aliivuka tofauti hiyo kwa siku chache.

Mwini Amani, mtu wa Pangani

Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika mara ya tatu. Safari yake ya kwanza, 1887, ilizuiwa na ukuta wa barafu. Ya pili, 1888, ilikatizwa na vita vya Abushiri, ambapo yeye na mwenzake walikamatwa wakakombolewa kwa fedha. Safari hii alikuja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria na mpandaji hodari wa milima ya Alpi. Tarehe 6 Oktoba, 1889, wawili hao walifika kilele cha juu kabisa cha Kibo.

Majina hayo mawili yamo katika kila kitabu. Lakini watu hawafiki kileleni kwa kamba peke yake. Meyer alijifunza katika majaribio yaliyotangulia kwamba njaa humshusha mpandaji upesi kuliko barafu. Kwa hiyo alipanga kambi juu ya kambi, na wapagazi wakawa wakipeleka chakula kutoka Marangu. Katika kambi ya juu, kwenye meta 4,300 hivi, alibaki mtu mmoja wa kulinda hema, kuchota maji, kutafuta kuni na kupika. Mtu huyo ni Mwini Amani, na kwao ni Pangani. Alikaa huko zaidi ya wiki mbili, usiku maji yakiganda, naye akitembea peku. Meyer mwenyewe alimsifu kwa hilo.

Tujiulize: katika watu watatu waliokuwa juu siku zile, ni nani aliyekuwa mwanafunzi? Purtscheller alikwisha kupanda vilele vingi vya Ulaya. Meyer alikuwa na uzoefu wa majaribio yake. Mwini Amani alikuwa mtu wa mdomo wa mto na bahari, na ile ndiyo iliyokuwa shule yake. Kileleni hakufika, maana hakupelekwa. Lakini kama angalishuka siku ya tatu kwa kuogopa baridi, hao wengine nao wangalishuka nyuma yake.

Hapana budi tuwataje pia Wachaga wa Marangu, raia wa Mangi Mareale, walioonyesha njia za msituni. Miongoni mwao hutajwa sana Yohani Kinyala Lauwo, aliyeheshimiwa mwaka 1989 katika sherehe za miaka mia moja, akafariki mwaka 1996 akiwa mkongwe sana. Kama Lauwo alikuwamo katika msafara ule wa 1889 au katika msafara wa baadaye, wachunguzi wamebishana, kwa kuwa kitabu cha Meyer hakimtaji. Ubishi huo wenyewe ni somo. Mwenye kalamu asipoandika jina, wajukuu hubaki kubishana.

Wanafunzi wa aina mbili

Sasa tunafika penye kiini cha makala yetu, nacho ni safari ya Mlima Kenya ya mwaka 1899. Tumeichagua kwa sababu mkuu wake alikuwa mwalimu kama sisi. Halford Mackinder alizaliwa mwaka 1861, na tangu mwaka 1887 alisomesha jiografia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Hakuwa mpanda milima. Alipokusudia kuupanda Mlima Kenya aliona kuwa mwalimu wa jiografia aliyekaa mezani tu hatasadikiwa. Basi mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 37, alikwenda Alpi kujifunza. Alifundishwa kutumia kamba na shoka la barafu, akafundishwa kukata vidato. Hatimaye aliwaajiri mabingwa wawili kutoka Courmayeur, Italia, César Ollier na Joseph Brocherel, waje naye Afrika.

Jambo hilo si la aibu. Ni la kusifiwa. Mtu mzima mwenye cheo alikubali kuwa mwanafunzi wa watu wa mlimani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha kileleni vivyo hivyo. Tangu mwaka 1970, uliotangazwa Tanzania kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, walimu wengi wamelishuhudia jambo hilo: mtu mzima hujifunza vizuri anapojua anachokitaka, anapokuwa na mwalimu, na anapopewa wakati.

Lakini katika msafara ule ule walikuwamo wanafunzi wengine, sitini na zaidi, Waswahili walioandikwa kwa kazi ya kubeba. Hao hawakupewa mwalimu wala wakati. Mzigo wa msafara kwa desturi ya njia ya bara ulikuwa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na chombo cha mpagazi mwenyewe. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka ule ule. Kutoka hapo walikwenda kwa miguu mwishoni mwa Julai. Nao walikwenda katika nchi yenye msiba. Mvua ilikuwa imekosekana, njaa imeenea Ukikuyu, na ndui inaua watu. Chakula hakikununulika. Wenyeji hawakuwa na cha kuuza, na wageni wenye bunduki hawakuaminiwa. Watu wawili wa msafara waliokwenda kutafuta chakula waliuawa. Ilibidi kundi lipelekwe hadi Naivasha kuomba posho, na waliokuwa mlimani wakabaki wakihesabu punje.

Tarehe 13 Septemba, 1899, Mackinder, Ollier na Brocherel walifika Batian, meta 5,199. Kwa kazi ya upandaji ilikuwa safari kubwa. Kilele kile hakikupandwa tena hadi mwaka 1929. Vilele walivipa majina ya malaiboni wa Kimasai: Batian, Nelion, Lenana. Mabonde na barafu yalipewa majina ya Wazungu. Hakuna jiwe lililopewa jina la mpagazi.

Mackinder alihutubia wanajiografia wa London mwaka 1900, lakini kitabu kizima cha safari hakukichapisha maishani mwake. Alifariki mwaka 1947, na kitabu kilitolewa mwaka 1991. Katika hati zake imo orodha ya watu wa msafara, na mkabala wa Waswahili wanane imeandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Waliozichunguza hati hizo wamedai kuwa wapagazi hao waliuawa na wakuu wao wenyewe, na mjadala juu ya nani alitoa amri, na kwa kosa gani, haujakwisha. Sisi hatukai hapa kuwa mahakama. Twasema tu kwamba watu wanane walioandikwa kazi ya kubeba waliandikwa hivyo katika karatasi, na kwa muda wa miaka tisini wasomaji wa habari za Mlima Kenya walisoma juu ya ushindi, wasisome juu yao.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya wanafunzi hao wa aina mbili. Mackinder kama angalichoka Alpi, angalirudi Oxford asidharauliwe sana. Mpagazi akichoka, kuchoka kwake huitwa utoro. Akisema ana njaa, husemwa ni mwasi. Mlima ulikuwa mmoja, baridi ilikuwa moja, na wote walikuwa wageni wa kilele. Kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma. Na wapo waliochezeshwa ngoma hiyo bila kuchagua kupanda.

Aliyeandika mwenyewe

Mpaka hapa tumewajua watu wa pwani kwa kalamu za wengine. Yuko mmoja aliyeishika kalamu yeye mwenyewe. Selim bin Abakari, mwenye asili ya Visiwa vya Komoro, alimtumikia Mjerumani Theodor Bumiller, na mwaka 1896 alifuatana naye katika safari ya Urusi na Siberia, hadi milima ya Altai. Aliisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, na masimulizi yake yalitolewa na Carl Velten mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli.

Twawashauri walimu wayatafute masimulizi hayo wayasome na wanafunzi wao. Thamani yake ni kubwa kwa lugha na kwa historia pia. Hapa Mswahili si chombo cha kubebea; yeye ndiye atazamaye, apimaye, astaajabuye na kulinganisha desturi za watu na desturi za kwao. Miaka 48 ilikuwa imepita tangu Bwana Kheri akose jina la kitu cheupe. Safari hii mtu wa pwani alifika kwenye nchi za baridi, akawaandikia wenziwe kwa lugha yao. Ulimi na miguu vilikuwa vimekutana.

Mwenge na bendera

Katika karne ya ishirini upandaji uligeuka kuwa mchezo wa wenye nafasi. Vyama vya wapanda milima viliundwa, vibanda vikajengwa, na Mwafrika akabaki kubeba. Hata hivyo mlima haukuacha kufundisha watu wazima. Mwaka 1943 Waitalia watatu walitoroka katika kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki, wakapanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea, wakatundika bendera yao Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini. Mmoja wao hakupata kupanda mlima kabla ya hapo. Felice Benuzzi, aliyekuwa mkuu wao, aliandika kitabu juu ya safari hiyo.

Kisha ulifika wakati wa uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya Kibo, na kilele kilichokuwa kimeitwa kwa jina la mfalme wa Wajerumani kikaitwa Uhuru. Tarehe 12 Desemba, 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya. Watu wengi huzitaja siku hizo kuwa mwanzo wa Waafrika kupanda milima hiyo. Sisi twaziona kuwa malipo ya deni. Nyirenda na Munyao walifika juu kwa majina yao, na majina yao yakaandikwa. Hilo ndilo walilonyimwa Sabaya na wenzake, na wale wanane.

Hata leo deni halijakwisha kulipwa. Kanuni za Kilimanjaro zimeuwekea mzigo wa mpagazi kikomo cha kilo 20, nacho ni kizuri. Lakini kanuni hulindwa na macho ya watu. Mtu mzima aanzaye kupanda, atokapo Mtwara, Mombasa au nje ya Afrika, ajue kuwa yeye ndiye mwanafunzi na mpagazi ndiye mwalimu, na amwulize jina lake kabla ya kumwuliza kilele kiko wapi.

Kurudi bandarini

Tumetoka Mocímboa da Praia. Na turejee huko. Twaweza kuulizwa: bandari hiyo isiyo na mlima ina nini katika habari hizi? Jibu letu ni kwamba watu wake nao wamefundishwa kupanda na historia, na aghalabu ukubwani.

Katika karne ya kumi na tisa, biashara ya watumwa ilipokuwa kali katika pwani ile na bonde la Ruvuma, watu wengi walikimbilia juu ya uwanda wa Mueda. Huko walijificha nyuma ya vichaka, wakakubali shida kubwa ya maji, maana visima na vijito vilikuwa chini mabondeni, na kila mtungi ulipaswa kupandishwa kichwani. Wareno hawakuutiisha uwanda huo hadi wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918, majeshi yao yalipoifanya Mocímboa da Praia kituo chao kimojawapo na kuwakokota wenyeji kwa maelfu kubeba mizigo ya vita. Tarehe 16 Juni, 1960, watu waliokusanyika Mueda kudai haki yao walipigwa risasi. Tarehe 25 Septemba, 1964, vita vya ukombozi vilianza kwa shambulio la Chai, na kwa miaka kumi wanaume na wanawake walivuka Ruvuma kutoka Tanzania na silaha vichwani, wakipanda kwenda uwandani. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha za njia hizo. Tarehe 25 Juni, 1975, Msumbiji ikawa huru.

Wengi walidhani mizigo imetuliwa. Lakini tarehe 5 Oktoba, 2017, mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa na waasi. Mwezi wa Agosti, 2020, bandari yenyewe ilitekwa, ikakaa mikononi mwao mwaka mzima hata ilipokombolewa na majeshi ya Msumbiji na ya Rwanda mwezi wa Agosti, 2021. Katika miaka hiyo watu walihama kwa maelfu. Wengine walikwenda kwa bahari hadi Pemba. Wengine walishika ile ile njia ya magharibi, wakapanda uwanda wa Mueda na watoto migongoni, kama walivyopanda waliowatangulia zaidi ya miaka mia. Wavuvi waliojua mikondo ya maji walijifunza ukubwani kuishi mahali ambapo maji hupandishwa kwa ndoo.

Hao nao ni wanafunzi wa mlima. Hawakutafuta kilele wala sifa. Walitafuta mahali pa kulala. Tukiwasomesha wanafunzi wetu habari za Meyer na Mackinder, tusiwaache wadhani kuwa kupanda maana yake ni kusimamisha bendera tu. Tofiki aliketi chini akasema atangoja. Mwini Amani alilinda moto. Mama wa Mocímboa alifika juu na mtoto hai. Kila mmoja alijifunza jambo ambalo hakulizaliwa nalo.

Kwa hiyo tunatoa ombi kwa walimu wenzetu. Kila mmoja, katika wilaya yake, awatafute wazee waliowahi kubeba mizigo, mlimani au vitani, pamoja na wale waliohama na kurudi. Aandike majina yao kamili, majina ya baba zao na ya mahali walikotoka. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji daftari na subira. Theluji ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na huenda wajukuu wetu wasiione kabisa. Jina lililoandikwa vizuri haliyeyuki. Milima haikutani, binadamu hukutana. Na hao waliotutangulia twaweza kukutana nao katika daftari, endapo tutaliandika wangali hai wanaowakumbuka.